Sahani Tupu za Mtu wa Manyoya

Habari za kifo chake zilinikuta posta, Alhamisi ya juma lililopita, nikiwa kwenye foleni ya stempu. Dereva wa lori la kahawa, jirani yake kule Nkoaranga, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akituchukulia karatasi, za kwangu kupanda mlimani na za kwake kushuka mjini, alinigusa bega. "Karani," akasema, "leo sina karatasi zako. Mzee wa manyoya amefariki jana jioni. Ni mapafu. Tunazika kesho saa nane." Nilimjibu neno ambalo bado linanitia aibu. Nilisema, "Lakini aliniambia atashuka Jumatatu." Dereva akanitazama bila kunicheka. "Ndivyo alivyosema," akajibu. Foleni ikasogea nami nikasogea nayo. Nilipofika dirishani nikaulizwa nataka stempu ya wapi. Mkononi nilikuwa na barua fupi iliyoandikwa kwa niaba yake, ya kumwomba mtaalamu mmoja wa mbali asubiri ukurasa wa mwisho wa ripoti. Nikasema sitaki tena stempu, samahani, nikatoka nje na kusimama juani kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua kwamba sipendi kuandika juu ya marehemu. Naogopa kumkosea mtu asiyeweza kunisahihisha. Sentensi ya kwanza ya safu hii nimeiandika na kuichana mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mhariri, ambaye ndiye hununua karatasi. Tena huyu hakuwa ndugu yangu. Hatukuwa na ukoo, rika wala kanisa moja. Mimi ni wa Usharika wa mjini, tena mvivu, naye alikuwa wa kule mlimani. Alikuwa mtu niliyefahamiana naye kwa sababu ya mashine ya kupigia chapa. Yeye alikuwa na daftari ambalo hakuna aliyetaka kulisoma, mimi nilikuwa na mashine ya ofisi na Kiingereza nilichojifunza peke yangu kwa kamusi isiyo na jalada, basi tukakutana. Lakini nina deni la kusema jambo moja juu yake, na jambo hilo haliwezi kusemwa bila kusema jambo moja baya juu yangu.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuosha vyombo katika maabara ndogo ya mifugo hapa mjini. Aliosha chupa, alichemsha vibanio na sindano, alifuta meza. Baada ya miaka ya kuosha, daktari wa mifugo, Mwingereza mwenye haraka lakini asiye mkali, alimruhusu kutazama katika hadubini, kisha kuandaa zile sahani ndogo za kioo zenye vifuniko. Ndani yake humiminwa mchuzi wa nyama uliogandishwa kwa unga wa mwani wa baharini, ili vijidudu vipate chakula, viote na kuonekana. Hayo ya damu ya ng'ombe na mavi ya kuku aliyafanya vizuri, lakini moyo wake haukuwa huko. Moyo wake ulikuwa kwenye swali alilolipata nyumbani, siku mkewe alipochinja jogoo na kufukia manyoya kwenye shina la mgomba. Miezi kadhaa baadaye alichimba pale pale akitafuta kitu kingine, akakuta mifupa ipo lakini manyoya hayapo. Aliniambia habari hiyo mara ya kwanza tulipoonana, akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yetu na kofia mkononi. "Karani, tangu dunia iumbwe ndege wanaangusha manyoya. Kila mwaka, kila ndege. Mbona hatutembei juu ya manyoya mpaka magotini? Kuna mtu anayakula. Nataka kujua ni nani."

Basi aliwatafuta walaji. Aliweka unyoya juu ya udongo wenye unyevu, ndani ya sahani, na baada ya siku kadhaa akaona ukungu mweupe ukitambaa juu yake kama ukoka, na baadaye unyoya ukilegea na kukatika. Mtu mwingine angeridhika hapo. Yeye ndipo alipoanza. Je, ukungu huu unangoja ardhini mpaka unyoya uanguke, au umekwisha kupanda juu ya ndege tangu akiwa hai, anaruka nao, anaimba nao? Akatega wavu mwembamba pembeni mwa shamba lake la kahawa, alfajiri na jioni. Ulimbo aliukataa, kwa sababu ulimbo wenyewe ungechafua ushahidi. Kila ndege aliyenaswa alimnyofoa manyoya mawili matatu kwa kibanio kilichopitishwa motoni, akayatia kwenye bahasha iliyokaushwa kwa joto, akamwachia ndege aende zake akiwa amekasirika. Aliwapima kwale na kanga wanaochakura chini, njiwa wa msituni wasioshuka ila kunywa maji, na wale ndege wakubwa wa kijani wenye mbawa nyekundu ambao hushinda juu ya miti. Jibu lilikuja polepole: walaji wapo juu ya ndege walio hai, na ndege wa kuchakura ardhini ndio waliobeba wengi zaidi. Mimi nilipolisikia nilisisimka kana kwamba nimeambiwa siri ya serikali.

Majirani hawakusisimka. Mtu anayekusanya manyoya katika bahasha, tena usoni mwa watu, ana mambo ya kueleza, na wengine walikwisha kunong'ona uchawi. Nilikuwapo Jumapili moja nje ya kanisa pale mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, alipomsimamisha mbele ya watu. "Bwana Manyoya," akamwita, "watu wananiuliza. Unawatafutia nini ndege wa Mungu?"

"Natafuta wapangaji wao, Mzee mwenzangu."

"Wapangaji?"

"Ndege ni nyumba. Kuna wanaokaa humo."

"Na ndege mwenyewe anajua?"

"Anajua. Hukumwona anavyojikuna?"

Akina mama walikuwa wa kwanza kucheka. Mzee wa kanisa alijitahidi kukunja uso, akashindwa, na kwa ghafla akajikuna shingo, na hapo ndipo watu waliposhindwa kabisa kujizuia. "Haya, haya," akasema, "lakini ukikuta na mimi nina wapangaji, usitangaze hapa." Tangu siku hiyo sikusikia tena neno la uchawi, ingawa jina la Bwana Manyoya lilibaki.

Aliwahi kunialika maabara jioni moja baada ya kazi, nikaone mwenyewe. Nimesoma vitabu vingi vya kuazima lakini nilikuwa sijawahi kutia jicho katika hadubini, na kama mnavyonijua, nilitaka kufaulu mara ya kwanza. Nikainama, nikatazama muda mrefu, kisha nikaeleza kwa maneno mazuri nilichokiona: mti mkubwa mweusi uliopinda, umelala katikati ya ukungu. Aliinama akatazama yeye pia. Kisha akasema, "Huo ni ukope wako, Karani." Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye alikuwa amekwisha kuchukua daftari. "Unaandika nini, Mzee?" nikauliza kwa hofu. "Naandika: saa kumi na mbili kasoro, ukope wa Karani." Nikamsihi asiuandike. Akashangaa kwelikweli, kama mtu aliyeombwa asiandike kwamba mvua imenyesha. "Kama umeonekana, umeonekana," akasema. "Siku nyingine nikiona mti mweusi nitajua nianze kwa kuuliza ni ukope wa nani."

Daftari lile ndilo kiini cha habari hii, kwa hiyo nivumilieni nilieleze. Kila siku ya kazi lilikuwa na mistari yake: ndege, mahali, unyoya wa sehemu gani, kilichoota, rangi, siku ya ngapi. Na chini ya kila siku, bila kukosa, palikuwa na mstari mmoja usiobadilika: *Sahani tupu: hakuna kitu.* Maana kila alipoweka manyoya kwenye sahani, aliweka pembeni sahani moja isiyo na unyoya. Aliifunua kwa muda ule ule aliozifunua zile nyingine, akaigusa kwa kibanio kile kile kilichopita motoni, akaifunika, akaiweka rafu ile ile. Nilipomwuliza faida yake, alinionyesha pumzi yake kwa kupuliza kiganja. "Hewa ina vijidudu. Mimi nina vijidudu. Nikiona kitu kimeota penye unyoya, nitajuaje kwamba kimetoka kwa ndege, hakikutoka kwangu? Namwuliza huyu asiyepewa kitu. Yeye akibaki mtupu, wengine wanasema kweli. Akiota hata doa moja, siku hiyo yote haihesabiwi." Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimesikia tu.

Daktari wa mifugo alimwachia rafu moja katika kabati la maabara kwa ajili ya sahani zake. Lakini maradhi ya kuku yalipozidi katika mashamba ya walowezi, nafasi ikawa finyu, akamwambia kwa haki kabisa: andika ulichokipata, mimi nitakipeleka kwa mtaalamu wa ukungu ninayemfahamu. Akisema ni elimu, rafu ni yako. Akisema si elimu, nitaihitaji. Mzee alikuja kwangu na daftari limefungwa kwa kitambaa. Kiingereza chake kilikuwa kile cha chupa tu, maneno ya kwenye vibandiko: sumu, chemsha, weka mbali na moto. Akaniomba nitafsiri na kupiga chapa. Sijawahi kupewa kazi iliyonipa fahari kama ile. Nilikaa majuma mawili nikitafuta maneno katika kamusi, nikiwa peke yangu ofisini baada ya wenzangu kuondoka saa kumi na nusu. Ukurasa uliokuwa na kosa moja la herufi niliuchana wote. Kadiri nilivyoendelea, ule mstari ulianza kunikera. Sahani tupu, hakuna kitu. Sahani tupu, hakuna kitu. Ulirudi kama kikohozi katika kila sehemu, ukavunja jedwali langu zuri, ukasukuma maneno kwenye ukurasa wa pili pale ambapo yangeweza kuenea katika ukurasa mmoja. Nilijiuliza msomi wa Kizungu atafikiri nini juu ya mtu anayehesabu mara arobaini mahali pasipo na kitu. Nilitaka asionekane mshamba. Nikaitoa mistari hiyo yote. Sikumwuliza. Nilifikiri nampamba.

Jibu lilichukua miezi miwili. Lilikuwa fupi na la heshima, na mimi ndiye niliyepewa nimsomee, pale pale kwenye ngazi za maabara. Mtaalamu alisifu unadhifu wa ripoti. Nakumbuka neno hilo kwa sababu nililipenda kwa nukta moja kabla sijaelewa yaliyofuata. Alisema kwamba kwa bahati mbaya hakuna mahali palipoonyesha sahani zisizowekwa manyoya, na kwamba bila hizo hawezi kujua kama ukungu huo ulitoka kwa ndege wa Meru au kwenye hewa ya chumba. Kwa hiyo hawezi kuihesabu kuwa elimu. Zikipatikana, angependa kusoma tena. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo. "Huyu hakuvaa miwani," akasema. "Zipo. Karani, si unayo nakala yako? Nisomee kwa Kiswahili siku ya kwanza tu, nisikie."

Nilikuwa nayo, nakala ya kaboni, ndani ya mkoba. Nikaitoa. Nikasoma kwale wawili, pembeni mwa shamba, unyoya wa mgongo, ukungu mweupe siku ya tano. Na nilipofika mwisho, macho yangu yakiwa juu ya karatasi isiyo na maneno hayo, nikasoma kwa sauti: "Sahani tupu: hakuna kitu." Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Si nilisema? Zipo." Juma hilo hilo alihamisha sahani zake kutoka kwenye rafu, akazifunga katika magazeti, na dereva wa kahawa akazipandisha Nkoaranga. Nilimsaidia kuzibeba mpaka kwenye lori. Alinishukuru.

Kwa majuma matatu sikula vizuri. Nilijitungia utetezi wa kila aina, kwamba nilifanya kwa nia njema, kwamba angeweza kuniuliza, kwamba mtaalamu alikuwa mgumu. Kila utetezi ulikuwa nadhifu sana, na hapo nikaanza kuuogopa unadhifu wangu. Jumapili ya nne nilipanda lori hadi njia panda ya Usa, nikapanda kwa miguu ile njia ya mlima inayomfanya mtu wa mjini aombe msamaha wa dhambi zake zote kabla hajafika. Nilimkuta uani akichagua kahawa juu ya kichanja, anatoa punje mbaya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Karani. Umekuja kwa miguu? Basi kuna msiba."

"Sahani tupu hazipo, Mzee."

"Wapi?"

"Kwenye ripoti. Nilizitoa mimi. Niliona zinachafua ukurasa."

Vidole vyake viliendelea kuchagua. "Zote?"

"Zote."

"Na siku ile uliponisomea?"

"Nilisoma kutoka kichwani."

Aliacha kuchagua. Aliingia ndani, nami nikasikia akizungumza na mkewe kwa Kimeru, maneno machache, na mkewe akisema "Yee!" kwa mshangao. Alirudi na daftari na penseli, akanipa. "Andika tarehe ya leo." Nikaandika. "Andika: ripoti ya kwanza ilikosa sahani tupu. Mwandishi alizitoa kwa sababu hazikumpendeza." Nikaandika. Nikauliza kama niandike jina langu. "Andika Karani. Hata ukope tuliuandika hivyo." Kisha akakaa, akaendelea na kahawa yake. Alisema bila kuinua macho, "Usidhani sijakasirika. Nimekasirika mno. Nimenyang'anywa rafu niliyoingoja miaka. Lakini hasira siwezi kuiweka kwenye sahani nikaona kinachoota. Utapiga upya?" Nikasema nitapiga upya. "Na mistari yote?" Yote, nikasema, hata ukope. "Ukope uache," akasema. "Huo ni wetu." Mkewe akatuletea ndizi za kupikwa na maziwa ya mgando, akaniwekea sahani na kuniambia kwa Kiswahili, pole pole ili nisikose hata neno, "Hii si tupu, Karani. Kula yote." Nilikula yote.

Nimeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu siamini kwamba kosa lile ni langu peke yangu. Sisi makarani wa zama hizi tumefundishwa kwamba karatasi safi ndiyo karatasi ya kweli. Tunapiga chapa kumbukumbu za vikao, na pale palipokuwa na ubishi wa saa mbili tunaandika kwamba wajumbe walikubaliana. Tunaandika habari za mashamba ya mfano yaliyostawi, na yale yaliyokufa tunayaacha yafe mara ya pili kwenye jedwali. Tunawafichia wakubwa mahali pasipo na kitu, tukidhani tunawapamba wenzetu. Siku hizi katika mikutano ya hadhara nasikia vijana wa rika langu wakizungumza juu ya kujitawala, nami moyo wangu unadunda pamoja nao. Lakini nikirudi nyumbani nawaza: siku tutakapozishika ofisi hizi, tutakuwa na watu wangapi wa kuandika kila siku, bila kuona haya, kwamba hapa tuliangalia na hapakuwa na kitu? Yule mzee alikuwa mwosha chupa, na alilijua jambo hilo kuliko mimi niliyejiona msomi.

Akahamishia maabara yake nyumbani. Sanduku la chai la mbao, limepakwa chokaa ndani, lina rafu mbili na mlango wa kitambaa kilichochemshwa. Sahani aliazimwa na daktari wa mifugo, ambaye nadhani aliona haya kidogo. Mimi nikapiga upya ripoti yote, na mistari yote arobaini ya sahani tupu, na safari hii ilinichukua siku tisa tu kwa sababu sikuchana ukurasa kwa ajili ya herufi moja. Tulikuwa tayari kuituma, lakini akanizuia. Alitaka kuongeza ndege mmoja. "Wote niliowapima ni wa nchi kavu," alisema. "Kuna heroe kule Momela, wale warefu wa rangi ya waridi. Anasimama majini mchana kutwa, maji yenyewe yanachoma kama magadi. Je, hata yeye ana wapangaji? Kama anao, basi hakuna ndege asiye nao. Kama hana, tutajua maji ya namna gani yanawafukuza." Alisema hivyo akiwa amenyoosha kidole, na macho yake yalikuwa ya kijana kuliko yangu.

Alikwenda Momela mwezi uliopita, kwa miguu na kwa lori, siku mbili za mvua. Wachungaji walimwonyesha heroe aliyekwama kwenye matope. Wakamshika, akamnyofoa manyoya matatu, wakamvuta akatoka, akaruka. Alirudi amelowa na akikohoa. Alipanda manyoya yale kwenye sahani tatu, akaweka ya nne tupu, akafunga sanduku, akaniletea ujumbe kwa dereva: Jumatatu nitashuka na jibu. Ndiyo Jumatatu ile niliyoitaja kwenye foleni ya posta.

Ijumaa tulimzika. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia, na mzee wa kanisa mwenye sauti ya kengele alisoma mistari yake vizuri mpaka alipofika mahali palipotaja ndege wa angani, hapo akasimama, akajikuna shingo, akashindwa kuendelea, mwingine akampokea kitabu. Watu walipoanza kutawanyika, mjane aliniita jikoni. Sanduku lilikuwa pale juu ya kiti, kama mgeni. "Alisema lisifunguliwe na mtu ila wewe," akaniambia. "Siku zimetimia. Fungua."

Nilinawa mikono mara mbili. Nikatoa sahani tatu za heroe, nikaziweka karibu na mlango penye mwanga. Zote tatu zilikuwa zimeota: duara nyeupe, laini, zimetambaa juu ya unyoya wa waridi, nzuri mno. Hili ndilo lilikuwa jibu lake. Mjane alikuwa ananitazama usoni zaidi kuliko alivyotazama sahani.

"Imeota?"

"Imeota, Mama."

"Basi amepata?"

Ndipo nikatoa ya nne. Katika sahani tupu, karibu na ukingo, palikuwa na doa moja la kijivu, dogo kama punje ya mtama. Sijui lilitoka wapi. Labda kikohozi chake. Labda mkono wa mtu mgonjwa uliochelewa kufunika. Nilishika ile sahani na kusimama. Wasomaji wangu, nitawaambia kweli: niliona wazi jinsi ningeweza kuitelezesha mfukoni mwa koti. Hakuna ambaye angejua. Ripoti ingekwisha kwa uzuri, mtaalamu angeamini, mjane angefarijika siku ya maziko, na jedwali langu lingefunga sawasawa chini ya ukurasa. Nilifikiri hayo yote kwa muda mfupi kuliko mnaoutumia kuyasoma.

"Mama," nikasema, "tupu nayo imeota."

Akainama, akalitazama lile doa kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi na sahani hizo miaka mingi kuliko mimi. "Basi haihesabiwi," akasema. Akapangusa macho kwa ncha ya khanga, akaenda kulileta daftari kutoka chumbani, akaniwekea penseli juu yake. "Andika kama alivyokuwa anaandika. Heroe hawajahama, bado wako Momela."

Ripoti niliituma Jumatatu. Ina kurasa zake zote, na mistari yote ya mahali pasipo na kitu, na mtaalamu akiisoma sasa atakuwa na sababu ya kuwaamini kwale, kanga na njiwa wa Meru. Mhariri wangu ameniuliza kama ni lazima safu ya kumbukumbu imalizike kwa mtu kushindwa. Nimemwambia marehemu hakushindwa. Aliacha kipimo kinachofanya kazi hata mikononi mwa mtu kama mimi, na sijui urithi mwingine wa mtu wa elimu unaozidi huo. Nilichojifunza kwake ni hiki: anayempenda mtu asimfutie mahali palipo patupu, kwa maana hapo ndipo penye ushahidi wake. Ukurasa wa mwisho wa ripoti una doa la wino ambalo sikulisahihisha, na chini yake nimepiga chapa, herufi kwa herufi, maneno niliyoyaandika jikoni Nkoaranga siku ile:

*Heroe mmoja, Momela, manyoya matatu. Ukungu mweupe katika zote. Sahani tupu: doa moja la kijivu. Siku hii haihesabiwi. Irudiwe.*